Debe la Shukuru

Nyumba za Walimu, Handeni
2 Februari 2025

Kaka Yordani,

Shikamoo. Wewe na wifi Justa mnaendeleaje huko Masuguru? Sisi tupo, tunakula vumbi. Mnara wa simu umeharibika tena tangu Krismasi. Mtandao unapatikana juu ya kilima cha zahanati peke yake, na ukipiga simu pale unasikilizwa na nusu ya kijiji wanaosubiri zamu yao. Nimeona nirudi kwenye karatasi kama wazee. Faraji wa Fuso ameahidi kuipitisha barua hii dukani kwako Manundu akileta mizigo.

Mama hajambo. Vuli ilimdanganya mwaka huu, ghalani wamebaki panya tu, nao wamekonda. Anakula muhogo na anasema anaupenda, unamjua. Mbegu ya ekari mbili uliyomletea ameiweka darini juu ya jiko, na kila mgeni lazima aonyeshwe: "Hii imetoka kwa Yordani, dukani kwake." Hata mchungaji ameonyeshwa.

Habari za shule ni nyingi. Upepo umeondoa paa la darasa la tano, kwa hiyo wao na wa sita wanasoma kwa kupokezana. Kwaya yetu imeshinda ngazi ya kata, wakazawadiwa mpira wa miguu, sijui waimbaji waupige na nani. Kubwa kuliko yote ni chakula cha mchana. Wazazi wamekubaliana mkutanoni kila mtoto alete debe la mahindi, na mimi ndiye mwalimu wa chakula. Asiyeleta anarudishwa nyumbani kabla ya kengele ya chakula. Ni ukali, najua, lakini mwaka jana tuliwaonea huruma na mpango ukafa mwezi wa tatu.

Wazazi walinung'unika kwamba walimu watawaficha ndugu zao. Nikawaambia mtaona. Jumatatu nikaanza na wa kwetu. Nikamtoa Shukuru kwenye mstari mbele ya shule nzima, nikamwambia nenda kwa bibi, urudi na debe. Usinikasirikie, ni mwanao lakini ni wangu pia. Ningeweza kumtolea langu, ila yangesemwa. Aliondoka bila kulia, shingo yake ndefu kama ya mama yake marehemu.

Alhamisi. Faraji hajapita, kwa hiyo naongeza. Mama ameleta debe la Shukuru! Amelibeba mwenyewe kichwani, tena mahindi yamekobolewa, meupe kabisa. Hilaria mpishi wetu alipiga vigelegele, akasema mama amempunguzia kutwanga. Nikalipokea mbele ya watu, na leo hakuna wa kusema mwalimu anapendelea. Sikumuuliza ameyatoa wapi. Mama ukimuuliza swali kama hilo hakusemeshi wiki nzima. Kuku wake wawili wamekufa, anasema ni kideri.

Mdogo wako,
Asnath


Masuguru, Korogwe
16 Februari 2025

Mwalimu wetu Asnath,

Marahaba sana. Barua yako nimeisoma dukani, wateja wakadhani nimepata barua ya mahakama kwa nilivyokunja uso. Justa anakusalimu. Nyumba imefika kwenye linta, nikiezeka tu nitakuja kumchukua Shukuru aje asome hapa mjini. Nilisema hivyo mwaka jana pia, najua, usinikumbushe.

Biashara ni ya macho. Watu wanatoka Kerenge, wanashika pakiti za mbegu, wanazipapasa, wanaangalia mawingu, wanarudisha. Wote tunasubiri masika.

Kumrudisha mwanangu mbele ya watu kumeniuma kidogo, sitakuficha. Lakini wewe tangu utoto ukishika jambo hulegezi. Debe la Shukuru ningelitoa mimi. Mwambie mama asihangaike na mengine, safari ijayo nitampa Faraji gunia zima.

Sasa jambo moja. Pakiti za mbegu ya mama zilipasuka garini, ndiyo maana nilizimiminia kwenye mfuko wa kawaida. Ule mfuko hauna maandishi wala ile alama ya fuvu. Mwambie ile rangi nyekundu ni dawa, tena si kama ile ya unga wa zamani iliyokuwa inatoka kwa maji. Hii inaingia ndani ya punje. Anawe mikono akishapanda, na zitakazobaki asiwatupie kuku. Nilipaswa kumwambia siku ile, nikasahau kwa haraka za safari.

Ameshaanza kutifua? Niambie akipanda.

Kaka yako,
Yordani


Nyumba za Walimu, Handeni
4 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imenifikia Jumamosi. Faraji anasema gari lilimharibikia gia na likalala gereji muda mrefu. Mama hajambo. Wenzetu wameanza kufunga juzi.

Huenda umeshasikia, maana mabaya hayasubiri Fuso. Jumanne iliyopita tulipika makande. Watoto walikula vizuri, wengine wakaomba kuongezwa. Walipokuwa wanaosha sahani akaanza mmoja kutapika, tukamcheka kwamba amekula kwa pupa. Kisha wa pili, kisha nikaona wanakaa chini mmoja mmoja pale pale bombani, wanatoa mate, wanatetemeka. Niligonga kengele mpaka ikakatika kamba. Wazazi walikuja na bodaboda, na mikokoteni, na migongo yao.

Shukuru alikuwa miongoni mwao. Amerudi kutoka hospitali Ijumaa, anakula uji, miguu bado haina nguvu. Nilitaka kupanda kilimani nikupigie nikashindwa kusimama kwenye ile foleni.

Yusra hakufika hospitali. Ni yule binti wa Shamsia, jirani wa mama, aliyekuwa anakaa dawati moja na Shukuru. Mtoto wa pekee. Nilikuwa nimempakata nyuma ya pikipiki, nikawa namwambia tumefika, tumefika, na kumbe nilikuwa nazungumza peke yangu. Kaka, uzito wake bado uko kwenye mapaja yangu hata nikiwa nafundisha.

Waganga wa hospitali wamesema ni sumu. Wamechukua sufuria, wamechukua kilichobaki stoo. Polisi wamemchukua Hilaria, kwa kuwa ndiye aliyepika, na kwa kuwa watu wamekumbuka kwamba yeye na Shamsia waliwahi kugombania mpaka wa shamba.

Mama amelala msibani kwa Shamsia tangu siku ile. Anampikia, anamkanda kwa maji ya moto, analala naye mkeka mmoja. Watu wanamsifu.

Umeuliza mambo mengine katika barua yako. Leo siwezi kuyajibu.

Asnath


Masuguru, Korogwe
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Poleni, poleni sana. Nimekaa na barua yako nikashindwa hata kufungua duka. Nashukuru kwa Shukuru. Kwa yule mtoto wa watu sijui nisemeje. Mpe Shamsia mkono wangu wa pole. Nilitaka kuja kumzika na kumwona mwanangu, lakini Justa aliugua, na duka nalo halina wa kumwachia.

Huku mvua zimekaa vizuri na wakulima wamenunua mpaka rafu zimebaki tupu. Nimewaza sana habari ya chakula chenu. Kuna mahindi yenye kuvu yanauzwa gulioni, yanaua kabisa, nimesikia redioni. Huenda mzazi mmoja alinunua hayo bila kujua. Waambie wapelelezi waangalie upande huo.

Mama ameshapanda? Kwa mvua hizi mahindi yake yawe yamefika magotini. Nijibu hilo tu, Asnath. Hata kama una kazi nyingi, andika neno moja.

Yordani


Nyumba za Walimu, Handeni
6 Aprili 2025

Kaka Yordani,

Shikamoo. Idi imepita na hapa haikunukia pilau. Leo tumesoma arobaini ya Yusra. Shamsia alimkalisha mama kando yake, akawaambia wanawake wenzake kwamba huyu ndiye mama aliyebaki naye. Mama akaangalia mkeka.

Shule imefunguliwa ila watoto wengi hawaji. Chakula kimesimamishwa. Mkuu wa shule ameandika barua ya kujieleza, mimi pia. Hilaria yuko rumande mpaka sasa. Watu walikwenda wakavunja mlango wake, wakamwaga hata maji ya mtungini wakisema ndimo alimohifadhia uchawi. Wanawe wamechukuliwa na shangazi yao. Mdogo wao ni wa darasa langu. Naye alikula yale makande siku ile, akatapika kama wengine, na bado wanasema mama yake alitia kitu kwa makusudi. Mtu atie sumu kwenye sufuria atakalomlishia mwanawe! Niliwaambia hivyo mkutanoni. Nikaishia hapo.

Mama amekonda. Alifunga mwezi mzima pamoja na Shamsia, yeye Mlutheri wa kubatizwa, na Idi ilipofika akaendelea kutokula.

Juzi nilipita shambani kwa mama. Jirani wa kulia mahindi yake yanacheza na upepo, wa kushoto vivyo hivyo. Nilipotoka shambani nikaenda nyumbani, nikapanda darini, hamna kitu. Mfuko niliukuta chini ya godoro la mama, mtupu, umekunjwa vizuri kama kanga ya sikukuu. Mama alikuwa mlangoni ananitazama. Nikautia mkobani. Tukaenda kuchambua mboga.

Usiniulize tena habari za shamba.

Asnath


Masuguru, Korogwe
21 Aprili 2025

Asnath,

Pasaka imepita, mimi sikwenda kanisani. Nimeelewa, na nimekuandikia usiku na mchana kichwani kabla ya kushika kalamu.

Mama alifanya kama alivyofanya mwaka ule wa njaa. Unakumbuka? Wewe ulikuwa mdogo. Aliosha mbegu, akaloweka, akamwaga maji, akatwanga na kupepeta, tukala na hakuna aliyeumwa. Dawa ya siku zile ilikuwa inaoshwa. Kwa hiyo hakukusudia, na Mungu anajua hakukusudia. Alitaka mjukuu wake asitolewe tena mstarini. Na wale kuku hawakuwa na kideri, walikunywa yale maji.

Sasa nisikilize mimi kama kaka yako. Mama ana miaka mingi na miguu mibovu. Sakafu ya rumande itamuua kabla hajasomewa shtaka. Hilaria watamwachia tu, hawana ushahidi, yeye ni kijana, atavumilia. Na ukisema, wataulizana ule mfuko ulitoka wapi, nani aliufunga bila maandishi. Duka langu litafungwa. Nyumba iko kwenye linta. Justa ni mjamzito. Na wewe, nani alitangaza asiyeleta asile? Tumeingia wote, Asnath. Tukinyamaza tumenyamaza wote.

Yusra harudi hata tukisema. Choma ule mfuko. Mwambie mama apande hata kunde, mradi shamba lisionekane tupu.

Shukuru nitakuja kumchukua mwezi wa saba.

Yordani


Nyumba za Walimu, Handeni
11 Mei 2025

Kaka Yordani,

Shikamoo. Shukuru hajambo, yuko hapa kwangu, analala upande wa ukutani. Miguu imerudi, anakimbia. Mnara umetengenezwa wiki iliyopita na simu yako haipatikani, kwa hiyo bado tuko kwenye karatasi.

Barua yako ya Pasaka ilinifikia Ijumaa ya tarehe 2. Nilikasirika, kisha nikafanya ulivyosema, ndiyo aibu yangu. Nilikwenda kwa mama jioni ile ile na mbegu ya kunde kwenye kitambaa. Akaipokea, akaiweka dirishani. Akasema, "Kesho."

Kesho yake alfajiri nikasikia watu wanaimba. Unajua msaragambo wetu, mtu akifiwa au akiugua majirani wanaingia shambani kwake wanamlimia mpaka jua likiwa kali, atake asitake. Shamsia ndiye aliyewakusanya. Alikuwa ameona shamba la mama limekuwa pori, akajisemea huyu mama amekosa msimu kwa ajili yangu, amelala kwenye mkeka wangu wakati wenzake wanapanda. Wakaja wengi, na majembe, na wimbo, na sufuria la chai. Hata baadhi ya waliovunja mlango wa Hilaria walikuwemo. Mvua zilichelewa kukatika mwaka huu, wakasema mahindi ya muda mfupi yatawahi. Nikachukua jembe na mimi, ningefanyaje? Shukuru alikuwa anasomba magugu.

Jua lilipopanda udongo ulikuwa tayari, mweusi, umelainika, mashimo kwa mistari. Shamsia akajifuta uso, akamfuata mama aliyekuwa amekaa kwenye kigogo.

"Haya mama Yordani, tupe ile mbegu ya mwanao tumalize kazi."

Mama akainama, akakung'uta udongo miguuni.

"Ile ya darini," Shamsia akasema, anacheka kidogo, mara ya kwanza namwona akicheka tangu msiba. "Umetuonyesha wote. Niambie nikakuletee."

Nikasema haraka, "Mbegu iliingia wadudu, dada. Nina kunde hapa." Nilisema hivyo, kaka. Nilikuwa nimeshika jembe na sauti yangu ilitoka safi kabisa, kama ninapoita majina darasani.

Mama akaninyamazisha kwa mkono. Akasimama.

"Haikuingia wadudu," akasema. "Mbegu niliipeleka shule."

Hakuna aliyeelewa. Mmoja akauliza, shule kuna shamba? Mama akarudia polepole, anamtazama Shamsia machoni. "Niliosha maji mengi. Nikaloweka, nikatwanga, nikapepeta. Nikaipeleka shule liwe debe la Shukuru, maana sikuwa na punje nyingine ndani. Nilidhani dawa imetoka, mwanangu. Nilidhani imetoka."

Wimbo ulikuwa umeshakatika. Shamsia alikaa chini kwenye lile tuta alilolima mwenyewe. Alikaa pale muda mrefu anachukua udongo na kuumwaga, anachukua na kuumwaga. Halafu akanigeukia mimi, si mama.

"Mwalimu, ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Tangu lini?"

Nikasema tangu kabla ya arobaini. Nilikaa kwenye arobaini ya mwanawe nikala wali wake huku najua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akachukua jembe lake akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila matusi, bila kutupa jiwe. Nilitamani wangetupa. Sufuria la chai wameliacha pale pale.

Mama hakungoja wamrudie. Aliingia ndani akavaa gauni la kanisani, akaniomba ule mfuko. Sikuwa nimeuchoma. Akatembea mwenyewe mpaka kwa mtendaji wa kata, mimi nyuma yake. Mlangoni alisema jambo moja tu kuhusu wewe: "Yordani hakujua. Msimtaje." Lakini waliuliza, na mimi nimejibu. Nimejibu na la kwangu. Watakuja kwako, ujiandae.

Hilaria ameachiwa. Alikuja shuleni kuchukua mwiko wake na vyungu viwili. Nilimsalimia, akapita. Nadhani hatanisalimia tena na sina la kumdai. Mama yuko mahabusu mjini Handeni. Nilimpelekea blanketi, akaliacha, akauliza kama Shukuru anakula. Nikamwambia anakula. Akasema basi.

Mimi nimesimamishwa kazi mpaka hapo watakapoamua. Shukuru haendi shule tena. Nilimpeleka siku moja, dawati lake lilikuwa tupu pande zote mbili na watoto walimwachia nafasi kubwa mstarini. Akaniuliza, shangazi, nimetolewa tena?

Uliniuliza mara mbili kama mama alipanda, sasa umepata jibu. Mimi nakuuliza mara moja. Njoo umwone mama kabla hajamalizika. Njoo umchukue mwanao. Usiandike, njoo.

Dada yako,
Asnath


Njiani
15 Juni 2025

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako niliipata. Duka nimelifunga kidogo, na Masuguru sikai kwa sasa, watu wanakuja wanaulizia. Justa yuko kwao. Kuja huko mwezi huu imekuwa vigumu, utanielewa.

Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie nyumba itaezekwa.

Kuhusu lile debe la Shukuru nililosema ningelitoa mimi, nimempa Faraji akuletee. Ni mahindi ya kula, safi, nimeyachambua mwenyewe punje kwa punje. Lipeleke shule, uwaambie limetoka kwa baba yake. Wasimrudishe.

Yordani